Kila Daktari na Daftari Lake

Jumapili hiyo Odero alichelewa kwa saa mbili nzima, na Peres hakumwambia neno.

Ukiwa humjui Peres utasema hapo hakuna hadithi. Mgeni amechelewa, mwenyeji amenyamaza, basi mwenyeji ni mtu wa staha zake. Wacha wee. Peres na kunyamaza ni wapi na wapi? Kwa miaka kumi na minne Odero amekuwa akienda kumwona mama yake mdogo huko Lavington kila Jumapili baada ya kanisa, na kwa miaka hiyo yote amekuwa akichelewa, na kila akichelewa hupokewa mlangoni na swali lile lile: "Fundi wa saa, ni saa ngapi?" Baada ya hapo atasutwa akinawa mikono, atasutwa akila, atasindikizwa langoni akisutwa, na Were, bawabu wa pale, ataongeza chumvi yake kwa niaba ya Peres. Odero angesikitika sana kama angefika mapema siku moja akakosa hayo yote.

Na ni fundi wa saa kweli, si utani. Ana kijisanduku cha vioo chini ya ngazi za jengo moja karibu na barabara ya Tom Mboya, mahali ambapo akinyoosha mikono anagusa kuta mbili kwa mpigo. Watu humwambia kazi yake imekufa, kwamba siku hizi kila mtu anaangalia saa kwenye simu. Yeye huwaacha waseme. Bado kuna watu wenye saa za marehemu baba zao, na waliostaafu wakapewa saa badala ya shukrani, na hao wote mwishowe huinama mbele ya kile kioo na kusema imesimama, fundi, hebu itazame.

Kuna jambo moja la ufundi huo ambalo ni heri ulijue mapema. Fundi akifungua saa hatii mkono kwanza. Hutazama upande wa ndani wa kile kifuniko cha nyuma. Humo mafundi waliomtangulia huwa wamekwaruza alama zao kwa ncha ya sindano, herufi mbili na mwaka, pengine na neno moja la kazi iliyofanyika. Hawa watu hawajuani, na wengine wameshazikwa, lakini kila mmoja anamwambia mwenzake alichofanya. Ukikuta mwenzako ametia mafuta mwaka jana, wewe hutii mengine, kwa sababu saa hufa kwa mafuta mengi vile vile inavyokufa kwa kuyakosa. Odero alijifunza hilo akiwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kulisahau.

Hata ufundi wenyewe chanzo chake ni Peres. Mama mzazi wa Odero alifariki mtoto akiwa na miaka minane, na Peres, aliyekuwa mpishi wa watu hapa mjini, akaenda Siaya kumzika dada yake, akarudi na mtoto. Alimkalisha Kawangware katika chumba kimoja na binti yake Valarie, akawalea kwa mshahara wa jikoni. Alipomnunulia kijana saa ya plastiki ya Krismasi, kesho yake aliikuta imefumuliwa vipande juu ya kitanda. Alimchapa, tena vizuri. Wiki iliyofuata akamletea saa ya ukutani iliyotupwa na waajiri wake, akamwambia, hii imekufa tayari, huwezi kuiua. Ilichukua miezi miwili, lakini ile saa ikatembea, na Peres akaitundika juu ya mlango akawa anaionyesha kila mgeni.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anafungua mlango wa chumba chake cha nyuma ya nyumba kubwa ya mwajiri wake, anamtazama Odero kama anavyotazamwa mtu wa kusoma mita ya stima, anasema karibu, na kurudi kukaa. Odero alisimama pale akingoja swali lake. Halikuja.

Alijaribu kulichokoza. Alisema leo kweli nimechelewa. Peres akasema ni sawa. Chakula kilipoletwa, ugali ulikuwa mbichi katikati na samaki hakuwa na chumvi, na huyu ni mwanamke aliyewapikia watu wa Lavington kwa miaka thelathini, mwanamke ambaye wageni wa karamu waliwahi kumwita mezani ili wampigie makofi. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na uvimbe. Alisema aliteleza kwenye ngazi za jikoni. Alipoinuka kuleta maji, mkono wake ulitafuta ukuta kwanza, na alipoketi tena, alisinzia tonge likiwa mkononi.

Halafu ukaja ule mkebe.

Ulikuwa mkebe wa biskuti, wa duara, wenye picha ya maua. Odero alikuwa ameuona kwa miaka mingi na wote wawili walikuwa wakiufanyia mzaha. Peres aliuita duka lake. Akiumwa na mgongo, alisema ngoja nipite dukani. Siku hiyo Odero alitazama bila kucheka. Peres alifungua, akatoa vijikaratasi na vichupa, akavipanga juu ya mapaja kwa rangi, na akameza vidonge kumi na kimoja, vitatu vitatu, na maji kidogo. Hakukosea hata kimoja. Mikono iliyokuwa ikitafuta ukuta ilijua njia yake vizuri sana ndani ya ule mkebe.

Odero aliuliza vyote hivyo ni vya nini. Peres akajibu, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye chumba kingine, kwamba ni vya presha, na vya mgongo, na vya magoti, na vya usingizi, na kwamba vyote vimeandikwa na madaktari, hakuna hata kimoja alichookota njiani. Hilo lilikuwa kweli. Peres hakuwa mtu wa kujinunulia dawa kiholela, na aliwacheka wanaofanya hivyo.

Hapa Odero alifanya kosa, na mimi simfichi kwa sababu ni mtu mzuri. Hofu ilimpanda ikageuka hasira, kama inavyowageuka wengi wetu mbele ya watu tunaowapenda. Alisema dawa hizi ndizo zinakumaliza. Alifunga mkebe, akautia chini ya kwapa, akasimama. Peres alinyoosha mkono.

"Odero, usibebe hiyo kitu yangu. Nakuomba."

Hakuwa amewahi kumwomba chochote. Alikuwa mtu wa kuamuru. Odero aliondoka kabla hajalainika, akampita Were langoni bila salamu, na njia nzima alijiambia kwamba ameokoa maisha ya mtu.

Mkebe aliuweka chini ya meza yake ya kazi, nyuma ya kopo la betri zilizokwisha. Jumatatu alimpigia Peres simu mara mbili, hakushika. Alijipa moyo kwamba amenuna, na kununa ni dalili ya afya. Jumanne kabla ya saa sita simu ikalia, na hakuwa Peres. Alikuwa mwajiri wake, mama mmoja aitwaye Wangeci ambaye watu wote wa nyumba ile humwita Mama Quincy. Alisema Peres hajalala tangu Jumapili. Anatetemeka mwili mzima, jasho linamtoka na kuna baridi, na asubuhi alimwita yeye Valarie.

Odero aliuchukua mkebe na kupanda ngazi mbili mbili hadi duka la dawa lililo ghorofa ya kwanza ya jengo lile lile. Mwenye duka ni Nasimiyu. Yeye si daktari, lakini jengo zima humwita daktari, na amechoka kuwasahihisha. Saa yake ya mkononi hutengenezwa na Odero, kwa hiyo alimfungulia mlango wa pembeni bila kumpanga foleni.

Nasimiyu alimwaga mkebe wote juu ya kaunta na kuanza kupanga. Hakupanga kwa rangi. Alivaa miwani na kusoma yale maandishi madogo yanayokaa chini ya jina kubwa la dukani, maandishi ambayo wewe na mimi hatuyasomi. Kisha akasukuma paketi tatu pamoja, moja ya samawati, moja nyeupe, moja yenye mstari mwekundu.

"Hizi tatu ni dawa moja, fundi. Kampuni tofauti, dawa moja. Huyu mama anakunywa dawa ya presha mara tatu."

Zile za usingizi nazo zilikuwa aina mbili, lakini za ukoo mmoja. Za maumivu zilikuwa zinarudiana pia. Odero alimwambia kwa fahari kidogo kwamba amekwisha kumnyang'anya zote tangu Jumapili. Nasimiyu aliivua miwani. Alimkemea Odero pale pale mbele ya wateja, bila kupandisha sauti, na ilimuuma zaidi kwa sababu hakupandisha. Alimwambia mtu aliyetumia dawa hizi za usingizi kwa miaka hazikatwi kwa siku moja, kwamba mwili unaweza kuanguka kifafa, na kwamba kule kutetemeka ni yeye Odero aliyekuleta. Usimpe kitu, usimnyime kitu, mpeleke hospitali sasa hivi, abebe huu mkebe na daftari lake la kliniki, daktari aamue. Mpeleke kwa yule aliyeanza naye.

Jamani, kuna maneno ambayo mtu huyasikia akatamani ardhi impokee. Odero alifunga kijisanduku chake bila hata kuzima taa ya mezani. Alipanda bodaboda, yeye anayeogopa bodaboda, na njia yote hadi Lavington alikuwa ameukumbatia ule mkebe kifuani.

Alimkuta Peres ameketi kitandani amejifunika blanketi mbili, na jua linawaka nje. Mdomo wake ulikuwa mkavu. Odero alipiga magoti kwenye saruji na kumwekea mkebe mapajani.

"Mama, nimekosa. Nimebeba kitu nisichokijua."

Peres hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe. Aliushika mkebe kwa mikono miwili ili mikono iache kucheza. Mama Quincy alikuwa mlangoni na funguo za gari. Odero akasema wanaenda kwa daktari, na kwamba wanahitaji lile daftari lake, kwa sababu katika kliniki zetu nyingi, kama ujuavyo, mgonjwa hununua daftari la shule kioskini, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, na daktari huandika humo. Peres akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa moja, limevalishwa jalada la karatasi ya kaki kama la mtoto wa darasa la tatu.

Odero alilifungua. Lilikuwa la zahanati ya serikali iliyo upande wa Kawangware. Dawa ya presha ilikuwa imeandikwa humo mara moja tu, kipimo cha kawaida. Alipekua mbele na nyuma. Hakukuwa na dawa ya usingizi hata moja. Alitazama mkebe, akatazama daftari, na jambo la kazi yake likamjia lenyewe, bila kulitafuta.

"Mama," alisema, "saa ikija kwangu, kwanza nauliza ni nani alifungua mbele yangu. Nani mwingine alikufungua?"

Peres aliinuka, akauweka mkebe kando. Kisha akainua godoro kabisa. Yalikuwa mawili mengine, kila moja na jalada lake la kaki, kila moja limefungwa peke yake katika mfuko wa nailoni ili lisigusane na mwenzake. Moja lilikuwa la daktari wa Kilimani ambaye Mama Quincy alimpeleka kwake baada ya matanga ya Valarie. Jingine lilikuwa la kliniki ya kanisa, ambayo madaktari wake huja Jumamosi moja kila mwezi.

Na sasa sikiliza sababu yake, kwa sababu Odero alikuwa amejiandaa kusikia hila na hakusikia hila. Miaka tisa iliyopita, Peres alipokwenda kwa mara ya kwanza kwenye kliniki ya pili, nesi alimrudishia daftari lake mbele ya watu na kumwambia hili ni la kwingine, hapa unaleta letu. Peres aliona haya mno. Alikwenda kioskini akanunua jipya, na tangu hapo akajua adabu ya mahali hapo. Yeye ni mpishi. Anajua huingii kwa mtu na sahani ya chakula cha jirani mkononi, na humwambii mpishi mmoja kwamba jana ulikula vizuri kwa mwenzake. Kwa hiyo kila daktari alipomuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, alijibu hapana, ili asimvunje moyo. Kisha alirudi nyumbani na kumtii kila mmoja kikamilifu.

Mama Quincy pale mlangoni aliziba mdomo kwa kiganja. Alisema yeye alidhani anamsaidia, na kwamba hata vidonge vya marehemu mama mkwe wake vilivyobaki alimpa Peres. Hakuna aliyemlaumu. Kama kulikuwa na lawama ilikuwa imegawanyika vipande vidogo vidogo mpaka kila mtu alikuwa na chake.

Daktari wa ile zahanati anaitwa Mutie, mwanamume wa makamo kutoka Kitui, mpole, mwenye mwandiko mbaya. Alimpima Peres presha mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa chini mno, hakuiamini. Kisha akaomba daftari. Peres alifungua mkoba. Akatoa la kwanza. Akasita, akatoa la pili, lile la kanisa, akaliweka juu ya la kwanza na kufunga mkoba.

Odero aliona. La tatu, la Kilimani, ndilo lilikuwa na zile dawa za usingizi ukurasa baada ya ukurasa. Ulimi wake ulikuwa tayari. Lakini alikumbuka Jumapili, na ule mkono ulionyooshwa, akaukunja ulimi wake na kutazama miguu yake. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya kama ile, na huyu ni mtu anayeshika skrubu ambazo wewe huwezi kuziona.

Daktari alikuwa anasoma. Alifunua kurasa, akauliza Peres hulala vipi. Peres alisema analala. Mikono yake ilicheza juu ya ule mkoba. Kisha akageuka, si kwa daktari, kwa Odero.

"Hapa wananiuliza kama nalala," alisema. "Wewe tangu tuzike Valarie hujaniuliza."

Akafungua mkoba na kuweka la tatu mezani.

Odero alilia. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe haoni haya kulisema. Miaka minne tangu mazishi, kila Jumapili, na hawakuwa wamelitaja lile jina hata mara moja. Alikuwa amedhani anamwonea Peres huruma kwa kunyamaza. Alikuja, akala, akasutwa, akacheka, akaenda zake, na Peres akabaki na chumba na kitanda kimoja na mkebe. Vidonge vya kwanza vya usingizi vilikuwa vya wiki mbili. Vilipokwisha, mawazo yalirudi, akaenda kuomba vingine, na vingine tena.

Mutie aliyalaza madaftari yote matatu wazi, bega kwa bega, akasoma kwa muda mrefu. Odero alingoja kelele. Hazikutoka. Alichosema ni kwamba wao ndio waliomkosea, kwa sababu kila mmoja wao alimdhani ni wake peke yake. Alifuta hili, akaacha lile, akaandika jinsi dawa za usingizi zitakavyopunguzwa polepole, nusu kwa wiki kadhaa, kisha robo, kwa miezi, na akamlaza siku hiyo kwenye kitanda cha pale zahanati hadi presha ilipopanda na mikono ilipotulia. Akamwambia kuanzia leo ni daftari moja.

Peres, akiwa amelala na mrija wa maji mkononi, alikuwa na swali moja tu. Aliuliza wale wengine si watajisikia vibaya. Daktari akamwambia awaambie ni yeye Mutie aliyekataza, na kama wana neno waje wamtafute. Hilo lilimridhisha, akafumba macho.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Kuna siku Peres alimtukana Odero kwa Kijaluo matusi ambayo hakujua mama yake mdogo anayajua. Kuna siku alimsihi Mama Quincy ampe kidonge kimoja tu, na Mama Quincy akaenda kulia bafuni kisha akarudi mikono mitupu. Odero naye alijipa kazi mpya. Kila asubuhi, kabla ya kufungua vioo vyake, alipiga simu na kuuliza umelalaje. Mwanzo alijibiwa kwa neno moja. Baadaye akajibiwa kwa sentensi. Asubuhi moja Peres alisema hakulala, alikuwa anamfikiria Valarie alivyokuwa akiweka sukari kwenye uji hadi kijiko kinasimama, na Odero akasema tena alikuwa akinificha mimi ile sukari, na wakakaa kwenye simu hadi wateja wakagonga kioo.

Mwezi wa pili Peres alimwambia alete sindano ya gunia na uzi mnene. Alipofika alimkuta ameyatandika yale madaftari matatu moja juu ya jingine kwenye meza ya jikoni. Yeye mwenyewe alitunga uzi kwenye tundu la sindano, mara moja, bila kutetemeka, akamtazama Odero kuhakikisha ameona. Kisha akayashona mgongo kwa mgongo yakawa kitabu kimoja kinene, akakipiga fundo mara mbili na kukata uzi kwa meno. Alisema sasa kila mmoja wao atamwona mwenzake, atake asitake. Odero alichukua kalamu, na ndani ya jalada akaandika OD na mwaka, mahali pale pale ambapo angeandika kwenye saa. Peres aliuliza hiyo ni nini. Akasema ni yangu, ili wajue nilipita hapa.

Jambo moja tu lilikuwa halijarudi. Tangu ile Jumapili Odero hakuwa amechelewa tena. Hofu ilimfanya mtu wa saa, hatimaye, na alifika kila wiki kabla hata ibada ya Were ya redioni haijaisha. Peres alimpokea vizuri, chumvi ilikuwa imerudi kwenye samaki, ugali ulikuwa umeiva. Lakini alikuwa bado ni mtu wa maneno machache, anayetembea taratibu, na Odero alianza kujizoesha kwamba huenda Peres yule wa zamani alikwenda na hatarudi, na kwamba huyu aliyebaki anatosha. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa mtu anayeamini.

Mwezi wa tano, Jumapili moja, mzee mmoja alimshika mlangoni mwa kanisa. Saa ya harusi yake ilikuwa imesimama na sherehe ya miaka hamsini ilikuwa mchana ule ule. Odero hakuweza kumkatalia. Walienda mjini, akaifungua, akatazama kifuniko, akakuta alama yake mwenyewe ya miaka kumi iliyopita, akaisafisha, ikatembea. Alipotoka chini ya zile ngazi ilikuwa saa tisa kasoro. Alipiga simu Lavington njiani, haikushikwa.

Were alimfungulia lango bila kusema kitu, jambo ambalo si la kawaida yake, na Odero akauzunguka ule uwanja wa nyuma karibu anakimbia. Mlango wa Peres ulikuwa wazi. Peres alikuwa amesimama kizingitini, mikono kiunoni, leso imefungwa vizuri, na simu ikiwa mfukoni mwa aproni, ile ile aliyoiacha ilie makusudi.

"Fundi wa saa," alisema, "ni saa ngapi?"

Odero alitazama mkono wake. Alitazama kwa muda, lakini mishale hakuiona, maana macho yalikuwa yamejaa. Akasema hajui.

Peres akasema kama hajui basi aingie anawe, chakula kinapoa, na akaendelea kumsuta hadi jioni.